Namba ya tatu kwenye mashine ya presha: ilikaa mezani kwetu wiki sita na hakuna aliyeisoma

Fundi wa Tabata:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, si daktari, na sijaja kumtibu mtu humu. Nimekuja kusimulia yaliyompata bi mkubwa wangu, maana najua wengi humu mna mashine ya presha kwenye kabati la sebuleni kama tuliyokuwa nayo sisi, na mnaisoma nusu kama sisi. Nitaandika kwa vipande, simu yangu chaji yake ya mashaka.

Bi mkubwa ana miaka 71, naishi naye hapa Tabata. Presha anayo tangu mdogo wetu wa mwisho azaliwe. Mwaka jana baada ya Idi akaanza kuchoka. Akitoka chumbani kwenda uani kuanika khanga, anakaa kwanza kwenye ndoo apumzike. Sisi tukasema umri. Yeye akasema joto la Dar. Jumapili moja amesimama jikoni anakaanga vitumbua, akaanguka. Hakuteleza, hakupepesuka. Alikwenda chini kama mtu aliyezimwa swichi. Mwili ukatikisika kidogo, macho yakageuka, na kabla sijamaliza kumwita mke wangu akafumbua macho akauliza, "Kimeungua?"

Hilo swali lake likumbukeni.

Jirani akasema kifafa. Shangazi akapiga simu kutoka Mkuranga, akasema kuna kitu kimepita, apelekwe akasomewe. Mimi mwenyewe nilishikilia kwamba sukari imeshuka. Zahanati ya kwanza wakapima malaria, hakuna. Wakapima presha, 184 kwa 60. Wakasema imepanda, wakaongeza dawa yake ya presha, atenolol, mara mbili ya aliyokuwa anameza. Tukanunua mashine ya nyumbani, mke wangu akawa anapima kila asubuhi na kuandika kwenye daftari la mtoto: 180 kwa 58, 176 kwa 62. Wiki sita. Mama akazidi kuisha nguvu. Akaanguka tena bafuni, na mara ya tatu akiwa ameketi kwenye kochi anatazama taarifa ya habari.

Mashine ile inaonyesha namba tatu. Ya juu, ya kati, na chini kabisa kuna nyingine yenye kialama cha moyo pembeni. Tulikuwa tunaandika mbili, kwa sababu kila tukienda hospitali tunaulizwa "ngapi kwa ngapi?" Mashine ina kumbukumbu, na baadaye nilikaa nikazifungua moja moja. Ile ya tatu ilikuwa inasema 38, 36, 35, 37, 34.

Hiyo ni idadi ya mapigo ya moyo kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia kawaida ni kati ya 60 na 100.

Mzee wa Kijiwe:
Nimeshavuta kiti mkuu, shusha. Ila nijuavyo wanariadha wana mapigo 40 na wanashinda mbio.

Nesi Zamu ya Usiku:
@Mzee wa Kijiwe ni kweli baba. Mtu wa mazoezi mazito anaweza kuwa na 40 na kitu akiwa amepumzika, hata sisi wengine usingizini yanashuka. Lakini mkimbize huyo mwanariadha ngazi mbili uone, yanapanda mara moja. Mama wa miaka 71 anayechoka kuanika khanga na mapigo yamegoma kwenye 36, huyo si mwanariadha. Endelea kaka, nakusoma nikiwa kazini.

Fundi wa Tabata:
Kipande cha pili.

Aliyetuvusha ni nesi mmoja kijana, hospitali ya tatu tuliyokwenda. Alimwamkia mama shikamoo, akamshika kifundo cha mkono, akatulia anatazama saa ya ukutani. Nikadhani anamsubiri mwenzake. Kumbe anahesabu, na alihesabu dakika nzima. Akaondoka bila neno. Robo saa haikuisha mama amebandikwa nyaya kifuani, mikononi na miguuni, ikatoka karatasi yenye miraba midogo ya rangi ya waridi. Ndiyo hiyo ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Haiumi, haichukui hata dakika kumi.

Daktari akaitazama karatasi, akauliza anatumia dawa gani. Nikataja za presha. Akasema, "Zote, hata za kupaka." Mama akadakia kutoka kitandani: "Na matone ya macho, mwanangu."

Bi mkubwa ana presha ya macho, na kwa miaka miwili alikuwa anadondoshewa timolol asubuhi na jioni. Mimi ndiye niliyekuwa nainunua na sikuwahi kuihesabu kama dawa. Daktari akatueleza: tone la jichoni linashuka na njia ya machozi hadi puani, pale linanyonywa na kuingia kwenye damu moja kwa moja. Na timolol ni ukoo mmoja na atenolol. Kazi yao mojawapo ni kupunguza kasi ya moyo. Kwa hiyo mama alikuwa amekanyagiwa breki mbili, na sisi tukaenda kuikandamiza moja zaidi.

Mnaweza kuuliza, kama moyo ulikuwa unapiga polepole, ile 184 ilitoka wapi? Nami niliuliza. Jibu ni kwamba moyo ukikaa muda mrefu kati ya pigo na pigo unajaa damu nyingi, halafu unaisukuma yote kwa mkupuo. Namba ya juu inaruka. Kisha kusubiri pigo linalofuata ni kurefu, ya chini inashuka. Ndiyo maana ya 184 kwa 60. Ile presha ya juu yenyewe ilikuwa dalili ya moyo kwenda polepole, sisi tukaitibu kwa dawa inayoupunguza kasi zaidi.

Wakasimamisha zote mbili akiwa wodini, amefungwa mashine ya kufuatilia moyo. Tafadhali, mtu asiende kuacha atenolol nyumbani kwa sababu ya uzi huu. Kuikata ghafla kuna hatari zake, hasa kwa mwenye moyo mbovu, na wengi inawasaidia. Siku tatu zikapita, mapigo yakafika 40, yakakwama hapo. Breki zilizidisha tatizo lakini hazikulianzisha. Njia yenyewe ya umeme ilikuwa imekatika.

Narudi, mtoto anataka simu.

Mama Chanika:
Ya Rabi. Mama yangu ana hayo matone. Ngoja nikaangalie chupa.

Kijana wa Goms:
Nasubiri mwendelezo. Umeme tena, si ndiyo fani yako hiyo, ungemtengeneza mwenyewe 😂

Fundi wa Tabata:
@Kijana wa Goms daktari aliposema "mfumo wa umeme wa moyo una hitilafu" nilisimama kama nimeitwa kazini.

Nilivyoelewa mimi ni hivi. Moyo haungoji amri ya ubongo ili upige. Juu, kwenye chumba cha kulia, kuna kifundo kidogo kinachotoa cheche zake chenyewe. Cheche inasambaa vyumba viwili vya juu, vinaminya. Kati ya vyumba vya juu na vya chini kuna ukuta usiopitisha umeme, na mlango ni mmoja tu, kifundo cha kati. Hapo cheche inacheleweshwa kidogo, makusudi, ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu. Kisha inaingia kwenye kifungu kiitwacho cha His, kinagawanyika tawi la kulia na tawi la kushoto, inamalizikia kwenye nyuzi nyembamba za Purkinje, vyumba vya chini vinaminya na damu inaenda mapafuni na mwilini. Piga hesabu ya mapigo 72 kwa dakika: 103,680 kwa siku moja, bila kuzima kwa matengenezo.

Kuna jambo lilinifurahisha nilipokuwa nasoma nikiwa kwenye benchi la wodi. Waliogundua njia hii waliifuata kinyumenyume, kama fundi anayefuata waya kutoka kwenye balbu kurudi kwenye mita. Purkinje, Mcheki, aliziona nyuzi za mwisho mwaka 1839. Wilhelm His akaeleza kifungu mwaka 1893. Sunao Tawara, Mjapani aliyekuwa anafanya utafiti Marburg, Ujerumani, akafika kwenye kifundo cha kati mwaka 1906. Mwaka 1907 Keith na Flack wa Uingereza wakakitangaza kifundo cha juu. Flack alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari, na alikiona kwenye moyo wa fuko. Miaka karibu 70 kutoka balbu hadi mita.

Nesi Zamu ya Usiku:
Kaka umeeleza vizuri kuliko baadhi ya walimu wangu, ila nikurekebishe sehemu moja. Usifikirie waya wa shaba. Zile ni chembe hai za misuli, zinapokezana. Chembe moja inafungua vijilango vyake, sodiamu inaingia, kalisiamu inaingia, potasiamu inatoka, jirani anaamka naye anafanya vilevile. Ndiyo maana chumvi za damu zikivurugika, umeme wa moyo unavurugika.

Na tofauti kubwa na nyumba yako ni hii: ukikata waya wa nyumba, balbu inazima. Ukikata njia ya moyo, sehemu ya chini inaanza kujiwashia. Kifundo cha juu kikifa, cha kati kinashika kwa 40 hadi 60 kwa dakika. Na hicho kikishindwa, vyumba vya chini vinajipigia vyenyewe kwa 20 hadi 40. Mama yako alikuwa anaishi kwa akiba hiyo. Ubaya wa akiba hiyo haina adabu, inaweza kunyamaza sekunde kadhaa bila taarifa. Ubongo ukikosa damu kwa sekunde chache tu, mtu yuko chini.

Ndiyo maana ya lile "Kimeungua?" Mwenye kifafa akizinduka, mara nyingi anakuwa amechanganyikiwa, analala, hajui yuko wapi, pengine ameng'ata ulimi pembeni. Aliyezimwa na moyo anaweza kutikisika vilevile, watu wakaapa ni kifafa, lakini pigo likirudi tu anaamka na akili yake yote, anaulizia kitumbua. Madaktari wa Dublin, Adams mwaka 1827 na Stokes mwaka 1846, waliandika habari za kuanguka huku kabla hata mashine ya ECG haijafikiriwa, kwa kushika mkono na kuhesabu tu.

Konda Mstaafu:
Mimi umeme siujui, nieleweshwe kwa lugha ya Kariakoo. Kifundo cha juu ni konda, sivyo? Anagonga bodi, dereva wa chini anaondoa gari?

Nesi Zamu ya Usiku:
@Konda Mstaafu 😂😂 baba umemaliza kazi. Nitaitumia kwa wanafunzi.

Konda na dereva wasiposikilizana, hiyo tunaiita bloku ya moyo, na ina madaraja matatu. Daraja la kwanza: konda anagonga, dereva anachelewa kidogo kila mara lakini anaondoka. Hakuna abiria anayeachwa. Mara nyingi mtu hajui kama analo.

Daraja la pili lina sura mbili. Ya kwanza, dereva anachelewa, safari inayofuata anachelewa zaidi, inayofuata zaidi tena, halafu mara moja hasikii kabisa, kisha anaanza upya. Hii mara nyingi ni ya kwenye kifundo cha kati, hata kijana mzima inaweza kumtokea akilala. Ya pili ni mbaya: dereva anaondoka vizuri kabisa, ghafla mara moja hasikii bodi likigongwa, bila dalili yoyote kabla. Hapa tatizo kwa kawaida liko chini zaidi, kwenye kifungu au matawi, na inaweza kugeuka daraja la tatu siku yoyote.

Daraja la tatu: konda anagonga 80 kwa dakika, dereva hasikii hata mara moja, anaendesha kwa saa yake mwenyewe, 35. Wote wanafanya kazi, hawaongei. Huyo ndiye mama wa mwenye uzi.

Mzee wa Kijiwe:
Kwa hiyo hii bloku ndiyo ile ya mishipa kuziba kwa mafuta?

Nesi Zamu ya Usiku:
Hapana baba, na watu wengi wanazichanganya. Ile ni mabomba ya damu, hii ni umeme. Zinakutana mahali pamoja: mshipa ukiziba mtu akapata shambulio la moyo, sehemu ya misuli inayokufa inaweza kuwa ndiyo yenye njia ya umeme. Kwa wazee chanzo cha kawaida ni njia yenyewe kuchakaa na kuota makovu. Kuna dawa kama alivyosimulia, na nyingine ni verapamil na digoxin. Kuna tezi ya shingoni kufanya kazi chini ya kiwango. Kuna homa ya baridi yabisi ya watoto inayofuata mafindofindo, hiyo nayo inachelewesha konda. Mtoto mchanga pia anaweza kuzaliwa nayo, hasa mama akiwa na kingamwili za aina fulani kama za ugonjwa wa lupasi.

Dereva Tunduma:
Dada nesi nisaidie. Nimepimwa afya kwa ajili ya kazi ya lori, karatasi imeandikwa tawi la kulia limeziba. Bosi kaniangalia kama maiti. Sijawahi kuumwa wala kuzimia, nina miaka 38.

Nesi Zamu ya Usiku:
@Dereva Tunduma tulia kwanza. Tawi la kulia ni jembamba, na watu wazima kabisa wanakutwa nalo limeziba wakaishi nalo hadi uzee. Umeme unapita kushoto halafu unazunguka kuja kulia, unachelewa sehemu ndogo ya sekunde. Mwambie daktari akufanyie ECHO mara moja, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, waone umbile la moyo halina tatizo, akuandikie barua. Kama hakuna kitu kingine, hiyo si hukumu.

Tawi la kushoto ndilo linalotufanya tuinue nyusi. Likiziba, mara nyingi nyuma yake kuna kitu: presha ya miaka mingi, moyo uliotanuka, mshipa wa damu wa moyo, vali. Na kuziba kwenyewe kunaleta madhara, kwa sababu upande wa kushoto unachelewa kuminya, kuta za moyo zinavutana badala ya kusaidiana, moyo dhaifu unazidi kudhoofika. Mwenye tawi lililoziba, lolote lile, halafu anazimia, huyo asingoje kliniki ya mwezi ujao.

Kwenye karatasi tunapimaje? Karatasi inakwenda milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo mraba mdogo ni sekunde 0.04 na mkubwa ni 0.2. Kutoka mwanzo wa kilima kidogo cha vyumba vya juu hadi mwanzo wa mlima wa vyumba vya chini isizidi mraba mkubwa mmoja. Mlima wenyewe ukifika miraba midogo mitatu kwa upana, tawi limeziba. Ndiyo hesabu yote ya mwanzo, mengine ni uzoefu.

Mtoto wa Magomeni:
Baba yangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Wiki iliyopita alikosa siku moja, watu wakamletea madafu eti yanasafisha figo. Usiku akawa hana nguvu miguuni, moyo unapiga polepole. Hospitali walikimbia naye. Ndiyo haya haya?

Nesi Zamu ya Usiku:
Pole sana. Ndiyo, ni ya familia hii, tena ni ya haraka kuliko zote. Figo zikishindwa, potasiamu inabaki kwenye damu. Ikizidi, umeme wa moyo unapoozwa, mlima kwenye ECG unatanuka, na moyo unaweza kusimama. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi. Kwa mtu mwenye figo nzima ni kinywaji kizuri cha jua la Dar, kwa mgonjwa wa figo aliyekosa kusafishwa ni hatari kweli kweli. Ndizi na machungwa vilevile anapangiwa. Waambieni wageni walete salamu tu.

Tabibu Mlonge:
Wakuu achaneni na mambo ya nyaya. Unga wa mlonge, kitunguu saumu na asali mbichi unafungua njia zote za moyo ndani ya siku 21. Njoo PM.

Fundi wa Tabata:
@Tabibu Mlonge mlonge nakula kama mboga na naupenda. Ila waya ukishakatika ndani ya ukuta hutaupaka asali. Mama alikuwa na mapigo 34, siku 21 ningemzika ya ngapi?

Kijana wa Goms:
Mimi yangu kinyume. Nikiwa nimekaa tu moyo unaanza mbio kama pikipiki, dakika kumi, halafu unakata ghafla. Miaka 24.

Nesi Zamu ya Usiku:
@Kijana wa Goms acha kwanza hivyo vinywaji vya kuongeza nguvu, kisha ukapime ECG hata ukiwa mzima. Wengine wanazaliwa na njia ya ziada, mlango wa pili kwenye ule ukuta, umeme unazunguka kama gari kwenye kipilefti bila kutoka. Wolff, Parkinson na White waliieleza mwaka 1930. Nyingi zinatibika moja kwa moja kwa kuichoma njia hiyo ya ziada kupitia mshipa wa paja. Ukizimia wakati wa mbio hizo, au kwenu kuna mtu alifariki ghafla akiwa kijana, usikae.

Fundi wa Tabata:
Kipande cha mwisho, betri.

Wanaiita peismeka, lakini wodini kila mtu anasema betri ya moyo. Ukubwa wake ni kama kiberiti kilichobanwa. Nilidhani watapasua kifua. Hawakupasua. Walimchoma ganzi chini ya mtulinga wa kushoto, mama akiwa macho, wakatengeneza kifuko chini ya ngozi, wakapitisha nyaya kwenye mshipa mkubwa wa damu hadi ndani ya moyo wakiziona kwenye eksirei. Mama anasema alikuwa anamsikia daktari anaulizana na mwenzake habari za mechi ya Simba na Yanga. Alitoka mapigo 60. Midomo ilikuwa na rangi. Nilikuwa nimesahau mama yangu ana midomo ya rangi ile.

Mkono wa upande ule aliambiwa asiunyanyue juu ya bega wiki kadhaa, nyaya zishike. Simu anaipokelea sikio la upande wa pili na haiweki kwenye mfuko wa kifuani. Anabeba kadi ya betri yake, na akiandikiwa MRI, kile kipimo cha picha kinachotumia sumaku, lazima aseme kwanza, kwa sababu si kila betri inaruhusu. Mimi nimekatazwa kuchomelea karibu naye, nimehamisha karakana. Presha yake sasa inatibiwa kwa dawa nyingine, na macho amebadilishiwa matone.

Wanaoniuliza inafanyika wapi: Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale eneo la Muhimbili, Upanga, wanaweka betri na wanafanya pia hiyo kazi ya kuchoma njia za ziada. Gharama na bima kaulizeni wenyewe, kila mtu na kadi yake.

Mama Chanika:
Na betri ikiisha? Na Mungu anisamehe, siku ya mtu ikifika, roho inatokaje kama betri bado inapiga?

Fundi wa Tabata:
@Mama Chanika dada yangu swali hilo shangazi wa Mkuranga aliliuliza mbele ya daktari, nikatamani ardhi ipasuke. Daktari hakucheka. Alisema betri inatoa cheche tu, kuminya ni kazi ya msuli. Msuli ukishakosa uhai, cheche haiufanyi kitu, kama kugonga bodi la gari lisilo na injini. Shangazi akaridhika, akaacha habari za kusomewa. Kwa majirani zetu wanaochoma maiti, betri hutolewa kwanza, maana hulipuka kwenye moto.

Kuisha: haizimi ghafla kama tochi. Kliniki wanaisoma kwa mashine juu ya ngozi, wanajua imebaki kiasi gani. Nyingi zinakaa miaka 7 hadi 10 na zaidi, kisha wanabadilisha kile kiberiti, nyaya zikiwa nzima zinabaki. Mtu wa kwanza kuwekewa ndani ya mwili alikuwa Arne Larsson, Msweden, Oktoba 8, 1958 huko Stockholm. Ile ya kwanza ilifanya kazi saa chache tu ikafa. Wakamwekea nyingine, na nyingine, zaidi ya 20 maishani mwake. Alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86, na si kwa moyo. Daktari aliyemwekea na injinia aliyeitengeneza wote walitangulia yeye akabaki.

Mzee wa Kijiwe:
Sawa. Nimeichukua ya kwangu kabatini. 131 kwa 70, ya tatu 44. Nimepima mara tatu. Sizimii, ila ngazi za msikitini nazipanda kwa vituo siku hizi. Nameza ya presha na moja ya mapigo, jina limefutika kwenye pakiti.

Nesi Zamu ya Usiku:
Baba, shikamoo. Mashine wakati mwingine inapoteza hesabu, mapigo yakiruka haiyaoni yote. Mwambie mjukuu akuhesabie kwa vidole viwili, asitumie gumba, chini ya kidole gumba chako, dakika nzima, usiwe umetoka kutembea.

Mzee wa Kijiwe:
Marahaba mwanangu. Kahesabu 43. Kahesabu tena 42.

Nesi Zamu ya Usiku:
Usingoje Jumatatu. Nenda leo, usiendeshe gari mwenyewe. Pakiti zote tia kwenye mfuko, hata zilizofutika jina, na dawa za macho kama zipo. Ukifika usiseme "nimechoka" tu, watakupima malaria. Waambie mapigo 42 na unaomba ECG.

Fundi wa Tabata:
Mzee uko wapi? Mimi nina bajaji ya jamaa hapa, nakufuata.

Mzee wa Kijiwe:
Buguruni, karibu na sheli. Ngoja nivae kanzu.